Bastola kwa gari: uko nyumbani ama uko barabarani?

Wasee, lazima umekutana na zile video. Jamaa wa Marekani amekaa kwa pikapu yake, miwani ya jua, kofia, anakuonyesha mahali ameweka bastola. Mwingine kiunoni, mwingine chini ya usukani, mwingine katikati ya viti karibu na gia. Anaongea kuhusu sekunde, ati ataifikia kwa sekunde ngapi mtu akimvamia kwa taa nyekundu. Watu milioni mbili wanatazama, halafu wanaenda kulala.

Kitu hizo video hazikuambii ni kwamba hapo mahali ameweka bastola pamepiganiwa kwa zaidi ya miaka 150. Na vita vyote ni vya swali moja ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaona kama la mtoto: ukiwa ndani ya gari lako, milango imefungwa, vioo viko juu, wewe uko nyumbani ama uko barabarani?

Sio utani. Kwa Wamarekani, nyumbani kwako unaweza kuwa na bunduki na mtu asikuulize. Nje, kwa miaka mingi sheria ilikuwa na maneno mengi. Gari liko hapo katikati. Ni chumba chako, lakini kina magurudumu. Na ndani ya hicho chumba kila sheria imekuwa ikijaribu kuoanisha maneno mawili ambayo hayapendani: bastola iwe salama, na bastola iwe karibu. Ukiifungia kwa buti ni salama lakini haikusaidii. Ukiiweka mkononi inakusaidia lakini sasa wewe ndio hatari.

Tuanze nyuma kabisa. Kentucky na Louisiana ndio majimbo ya kwanza kupiga marufuku kubeba silaha iliyofichwa, mwaka wa 1813. Ona hapo: tatizo lao lilikuwa kuificha, sio kuibeba. Fikira za wakati huo ni kwamba mwanaume mwenye heshima anaibeba ikionekana, na anayeificha ana nia mbaya. Yaani leo dunia imegeuka. Ukiingia supermarket na bastola inaning'inia kiunoni watu watalala chini, lakini ile iliyofichwa ndani ya shati ndio inaonekana ya ustaarabu.

Lakini hata hao wa zamani waliacha mlango mmoja wazi. Majimbo kadhaa ya Kusini yalisema sawa, umekatazwa, isipokuwa uwe msafiri. Barabara ilikuwa na majambazi, safari ilichukua siku, na hakukuwa na polisi wa kupigia simu. Kampuni kama Wells Fargo, iliyoanzishwa 1852, ilikuwa inaweka mlinzi mwenye bunduki kando ya dereva wa gari la farasi, kulinda dhahabu na pesa. Hiyo siti ya mbele ndio mpaka leo vijana wa Marekani wanaipigania wakiitaja kwa jina la bunduki. Sisi tunapigania "mbele na dere" bila kujua wenzetu walikuwa wanakaa hapo kufa.

Texas ikatunga sheria yake 1871, miaka sita baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Kubeba bastola mitaani marufuku, isipokuwa sababu chache, na mojawapo ni kama unasafiri. Shida ni moja tu. Hawakusema msafiri ni nani.

Sasa hebu fikiria hiyo vurugu. Je, lazima uvuke mpaka wa kaunti? Lazima ulale njiani? Ukisimama kula, bado unasafiri ama sasa wewe ni mteja wa hoteli? Majaji wa Texas walijibu hayo maswali kwa zaidi ya miaka 130, na kila mmoja alijibu ya kwake. Dereva wawili wenye safari sawa na bastola sawa, mmoja anaachiliwa, mwingine anaenda jela, inategemea alisimamishwa wapi na akapelekwa mbele ya nani. Mahali sheria haijasema wazi, karao ndiye anasema. Hiyo sihitaji kukueleza kama umewahi kupanda mat.

Halafu gari lenyewe likaja. Ford ilitoa Model T mwaka wa 1908, na kufikia 1927 ilikuwa imetengeneza zaidi ya milioni 15. Katikati hapo, kuanzia 1920 hadi 1933, pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima, kwa hivyo gari likawa chombo cha kazi kwa wauza pombe na majambazi wa benki. Bonnie na Clyde, ambao waliuawa Mei 1934 huko Louisiana ndani ya Ford yao, walikuwa wanatembea na ghala la silaha ndani ya gari.

Polisi waligundua kitu kibaya: risasi zao zilikuwa zinagonga bodi ya gari na kuishia hapo. Colt wakaleta risasi inaitwa .38 Super mwaka wa 1929. Smith & Wesson wakaleta .357 Magnum mwaka wa 1935. Sifa moja iliyouza hizo risasi ilikuwa uwezo wa kupenya chuma cha gari. Kwa hivyo ukisikia mtu anajigamba na Magnum, jua historia yake inaanzia kwa mlango wa gari.

Mahakama nayo ikatoa jibu lake la kwanza. Mwaka wa 1921 maafisa walisimamisha gari la jamaa anaitwa George Carroll kwa barabara ya Detroit kwenda Grand Rapids, wakapasua kiti, wakatoa chupa 68 za pombe. Hawakuwa na kibali cha kupekua. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka wa 1925 majaji wakasema gari si nyumba. Nyumba itakungoja uende kwa hakimu uchukue kibali, gari litatoroka. Kwa hivyo afisa akiwa na sababu ya kutosha, anapekua hapo hapo.

Sawa, kwa polisi uko barabarani. Lakini kwa mwenye bastola je? Hapo ndio naona mambo yanakuwa ya kweli, kwa sababu jibu lilianza kutegemea sura ya dereva.

Januari 1956, nyumba ya Martin Luther King huko Montgomery, Alabama, ililipuliwa kwa bomu, mke na mtoto wakiwa ndani. Ulikuwa wakati wa mgomo wa mabasi. Kwa hayo mapambano yeye na wenzake walikuwa wanazunguka kwa magari, kubeba watu waliokataa kupanda basi za ubaguzi. King, ambaye tunafundishwa kama mtu wa amani tupu, aliomba leseni ya kubeba bastola iliyofichwa. Sheria ya Alabama ilisema polisi wanaweza kumpa mtu mwenye sababu ya kuogopa na anayefaa. Msee amelipuliwa nyumba. Wakamnyima.

Mwaka huo huo, Oktoba 1956, hapa kwetu, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Nyeri. Alinyongwa Februari 1957, na ukisoma shtaka sio ugaidi wala mauaji. Ni kupatikana na bastola ya .38. Chini ya sheria za Hali ya Hatari, Mkikuyu kupatikana na silaha bila kibali ilikuwa kifo. Wakati huo huo walowezi wa kizungu walitembea na bastola kiunoni, kwa gari, kwa klabu, hadi mezani wakila supu. Sisemi Alabama na Nyeri zilikuwa kitu kimoja. Nasema bastola ilikuwa ile ile, na kilichobadilika ni kiuno.

Turudi Marekani, Oakland, 1967. Hii sehemu naipenda. Huey Newton alikuwa amesoma sheria kidogo, na akagundua California ilikuwa inaruhusu mtu kubeba bunduki yenye risasi hadharani mradi isifichwe. Yeye na wenzake wa Black Panthers wakaanza kufuata magari ya polisi usiku wakiwa na bunduki zinaonekana. Polisi wakisimamisha mtu mweusi, Panthers wanasimama kwa umbali unaoruhusiwa, wanatazama, wanamwambia aliyekamatwa haki zake. Hakuna risasi. Ni kutazama tu, na sheria mkononi.

Ilichukua miezi tu. Mbunge wa Republican, Don Mulford, akaleta mswada wa kukataza bunduki zenye risasi mahali pa umma na ndani ya magari. Panthers wakaenda na bunduki zao hadi bunge la Sacramento tarehe 2 Mei kupinga. Gavana Ronald Reagan, huyo huyo ambaye baadaye wapenzi wa bunduki walimfanya shujaa wao, akatia sahihi Julai. Kwa hivyo moja ya sheria kali za bunduki kwa gari Marekani ilitoka kwa wahafidhina, kwa sababu watu weusi walifuata sheria vizuri mno.

Nisitishe historia kidogo nieleze mwili, kwa sababu bila mwili hizi kesi zinazofuata hazieleweki.

Ukiwa umesimama, bastola kiunoni ni rahisi kufikia. Ukikaa kwa gari kila kitu kinabadilika. Shati linakunjika chini yako. Kiti kinaibana mgongoni. Na kuna mkanda, ule wa sehemu tatu ambao Volvo walileta 1959, unapita juu ya nyonga na juu ya shati lako. Kwa gari la Marekani, ambapo dereva anakaa kushoto, kile kifungo cha mkanda kinaingia pale pale kwenye nyonga ya kulia, mahali wengi wanaweka bastola.

Kwa hivyo watu wanaitoa. Wanaiweka kwa kiti cha pembeni, kwa mfuko wa mlango, kwa kidroo cha dashibodi, katikati ya mapaja. Wakufunzi wanaojua kazi yao wanachukia hiyo tabia, na sababu zao ni za kawaida sana. Bastola huru ndani ya gari ni jiwe: ukifunga breki inaruka, inaingia chini ya pedali. Mtoto wa nyuma anaifikia. Na kila mara unaitoa na kuirudisha umekunja mgongo kwa kiti, kidole kiko karibu na triga. Bastola nyingi za kisasa, kama Glock ambayo jeshi la Austria lililichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980, hazina kile kizuizi cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kizuizi chake kiko kwa triga yenyewe. Ndio maana wanasisitiza holsta, ule mfuko mgumu unaofunika triga yote: uivae kabla ya kuingia kwa gari na uiache hapo mpaka utoke. Huwezi kuifikia haraka sana, lakini haitembei. Unapunguza karibu ili upate salama.

Sasa ona sheria ilifanya nini na hiyo hiyo hesabu. Mwaka wa 1977, kesi ya Mimms, Philadelphia. Jamaa alisimamishwa kwa nambari ya gari iliyopitwa na wakati. Akaambiwa atoke nje. Akatoka, na karao akaona uvimbe chini ya koti: .38. Mahakama ya Juu ikasema polisi wanaweza kukuamuru utoke kwa gari kila wanapokusimamisha kihalali, kwa usalama wao. Mwaka wa 1983 wakaongeza kwamba afisa akikushuku una silaha, anaweza kupekua sehemu ya abiria, kila mahali mkono wako unaweza kufika. Yaani mahakama ilipima gari kwa urefu wa mkono wa dereva.

Bunge nalo likaja 1986 na sheria ya kusafirisha bunduki kutoka jimbo moja hadi lingine. Ruhusa iko, ila iwe haina risasi na isiwe mahali pa kufikika. Kama gari halina buti, ifungiwe kwa boksi, na kwa makusudi wakataja kwamba kidroo cha dashibodi hakihesabiki.

Halafu ikaja ile kesi inanichekesha mpaka leo. Muscarello, 1998. Jamaa alikuwa anauza bangi kutoka kwa lori lake, bastola imefungiwa ndani ya kidroo cha dashibodi. Sheria inaongeza miaka mitano kwa anayebeba bunduki wakati wa kosa la dawa za kulevya. Wakili wake anasema, kubeba ni mwilini, hii ilikuwa imefungiwa. Majaji tisa, watu wazima, wakaanza kufungua kamusi. Jaji Breyer akataja Biblia ya King James na Robinson Crusoe kuonyesha kwamba neno "kubeba" linatumika hata kwa vyombo vya usafiri. Jaji Ginsburg upande wa pili akajibu kwa mfano wa kipindi cha TV. Breyer alishinda 5 kwa 4. Mimi niliacha kampasi kwa sababu zingine, lakini lekcha angeanza na hiyo kesi ningebaki.

Ukiweka hizo kesi pamoja unapata kitu kichekesho. Bastola ikiwa kwa dashibodi ni karibu ya kutosha kukuongezea miaka mitano, na hapo hapo ni mbali sana kukuokoa.

Miaka ya 1990 ikabadilisha hewa. Kunyang'anywa gari kwa bunduki kuliongezeka hadi bunge likatunga sheria maalum 1992. Wazazi wetu wanaikumbuka hiyo hofu kutoka Nairobi ya wakati huo pia: kufika geti usiku, taa zimezimwa, hakuna anayeshuka kwanza. Florida ilikuwa tayari imefungua leseni kwa karibu kila mtu asiye na rekodi mbaya, 1987, na majimbo yakafuata moja baada ya lingine. Texas hatimaye ikaamua kumaliza lile swali la msafiri. Mwaka wa 2005 ikasema dereva asiye mhalifu achukuliwe kuwa msafiri. Waendesha mashtaka wengine, wakiwemo wa Houston, wakaendelea kushtaki. Mwaka wa 2007 ikasema waziwazi: kwa gari lako unaweza kuwa nayo bila leseni, mradi isionekane na usiwe unafanya uhalifu. Siku hizi ikionekana lazima iwe ndani ya holsta. Zaidi ya nusu ya majimbo hayadai leseni kabisa.

Kwa hivyo baada ya miaka 136, Texas ilijibu kwamba uko nyumbani. Lakini nyumba haiachwi kwa parking ya mall na kioo kimoja. Bastola nyingi zinazoibiwa Marekani sasa zinaibiwa kutoka kwa magari. Mwaka wa 2015 huko San Francisco mwanamke aliuawa kwa bastola iliyoibiwa siku chache kabla kutoka kwa gari la afisa wa serikali kuu. Huyo ni mtu aliyefunzwa. Wengi wanaiacha huko kwa sababu kazini hawaruhusiwi kuingia nayo. Sheria ya kuibeba kwa gari iliwapa mahali pa kuiweka safarini, haikuwaambia waipeleke wapi wakifika.

Na bado kuna lile la sura ya dereva.

Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota. Philando Castile, miaka 32, msimamizi wa kantini ya shule huko St. Paul. Alikuwa na leseni halali. Mpenzi wake alikuwa kando yake, na msichana wa miaka minne nyuma. Polisi wakawasimamisha, sababu waliyopewa ni taa ya breki. Kwa redio afisa alikuwa amesema dereva anafanana na mshukiwa wa wizi, akataja pua yake.

Castile alitoa karatasi ya bima. Halafu akamwambia afisa, kwa sauti tulivu na kwa heshima, kwamba ana bastola mwilini. Sheria ya Minnesota haikumlazimu aseme kabla ya kuulizwa. Alisema mwenyewe, vile wakufunzi wanafundisha. Afisa akamwambia asiitoe. Castile akasema haitoi. Sekunde chache baadaye afisa alifyatua risasi saba ndani ya gari. Mpenzi wake akaanza kurusha moja kwa moja kwa Facebook, na dunia ikatazama Castile akifa na mkanda umefungwa.

Afisa alishtakiwa, na Juni 2017 baraza la mahakama likamwachilia. Alisema aliamini mkono wa Castile unaifikia bastola. Walipomtoa kwa gari, bastola ilikuwa kwa mfuko wa kaptura yake. Magazini ilikuwa na risasi, lakini mtutu haukuwa na kitu.